Sakafu Wazi na Mwongo wa Kumi na Sita

Jumatatu, 1 Desemba. Siku ya 140 tangu Siku ya Mwaka

Kwa jina la Mola ayapandishaye mawingu na kuyatawanya, nafungua daftari hili jipya. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na masahaba zake. Na salamu kwako wewe, nafsi yangu, msomaji wangu wa pekee. Uwe mkweli.

Baada ya sala ya alfajiri nimepanda juu. Kopo la maziwa lililo pembeni mwa sakafu ya juu, ndiyo paa letu, lina maji ya kina cha vidole viwili. Mawingu mazito upande wa Chumbe. Upepo haujaamua uelekee wapi. Joto tangu mapema. Nimeandika hayo kama nilivyoandika kila asubuhi kwa miaka sitini.

Mabeseni matatu katika chumba cha Dada Zuwena yamejaa. Nimeyamwaga. La tatu nimelimwagia miguuni mwangu.

Fundi Makame alikuja saa tatu. Amepanda ngazi, ametia kidole katika boriti iliyo juu ya kitanda cha Dada. Kidole kimezama. Tumeshuka chini. Hapo ameniambia kwamba tukingoja masika, sakafu yote itamshukia Bi Zuwena. Na maji yakiingia kichwani mwa ukuta, ukuta wa mawe na chokaa huyeyuka kama sukari guru. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe zimeanguka hivyo, sihitaji kuhesabiwa.

Amependekeza mabati. Nimekataa. Sakafu hii aliipiga marehemu baba, kwa chokaa, juu ya boriti za mikoko. Itapigwa tena vivyo hivyo.

Nimeogopa leo. Naandika ili nisijidanganye.

Jumatano, 3 Desemba. Siku ya 142

Kazi yataka siku kavu zipatazo kumi na mbili. Kufungua, kubadili boriti, kupanga mawe. Kisha kumimina zege la chokaa na kulipiga kwa vipande, yale makafi mafupi ya mbao, siku tatu mfululizo. Kisha kukauka. Mvua kubwa ikilikuta zege bichi, yote yataishia mtaroni.

Siku za namna hiyo zitapatikana lini? Nimelifungua jedwali la baba.

Baba alinifundisha hesabu ya miongo nikiwa na miaka kumi na mmoja. Siku ya Mwaka, ile inayochezwa Makunduchi, ndiyo ya kwanza. Kila siku kumi ni mwongo mmoja, na kila mwongo una tabia yake. Kwa mkono wake ameandika: *Mwongo wa kumi na tano, ngurumo na mvua za kupita. Mwongo wa kumi na sita, vuli imekata. Fungua paa, anika, safiri.*

Mwongo wa kumi na sita unaingia Ijumaa ijayo, tarehe 12. Fungua paa! Kana kwamba amenijibu mwenyewe. Moyo umeruka.

Ijumaa, 5 Desemba. Siku ya 144

Siku ya fahari. Salma, mjukuu wangu, ambaye ameajiriwa katika ofisi ya hali ya hewa, kwa mara ya kwanza amepewa kuandika yeye mwelekeo wa msimu kwa kisiwa chetu. Redio imeusoma baada ya habari ya saa saba. Nilikaa barazani mikono nimeikunja kifuani, nikijifanya sisikilizi.

Mwelekeo wenyewe ni huu. Mvua za vuli zitaendelea hadi wiki ya tatu ya Desemba. Mikanda ya mawingu itapita, mmoja baada ya mwingine, na radi na upepo wa ghafla. Baada ya hapo kaskazi itatulia, jua kali, mvua chache za hapa na pale hadi Februari.

Mzee Suleiman, jirani yangu, msema ovyo tangu tulipokuwa chuoni pamoja, aliweka kikombe cha kahawa chini na kuniuliza kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima: "Maalim, mwenzetu umesema vuli inakata Ijumaa ijayo. Mjukuu wako asema wiki ya tatu. Utabiri wa aina mbili, na zote zatoka nyumba moja! Tumfuate nani?"

Nimewaambia wafuate jedwali. Nimewaambia tena niliyokuwa nikiwaambia miaka yote hii: zamani vuli ilikata kwa wakati wake, na siku hizi huchelewa kwa sababu watu wameacha kumcha Mungu. Mwaka huu huenda Mola akaturehemu. Waliinamisha vichwa. Fundi Makame alitoa simu pale pale na kumwambia mkewe, aliyeko Paje, kwamba Maalim amesema mwani waweza kuanikwa nje bila wasiwasi kuanzia Ijumaa.

Jioni Salma alikuja kunipa mkono. "Shikamoo, babu." Nikamwitikia marahaba, nikampongeza. Alinisikiliza habari ya paa hadi mwisho. Kisha akasema: "Babu, usifungue kabla ya tarehe ishirini na tano. Nakuomba."

Nikamwambia jedwali ni la babu yake mkuu.

"Mie sibishani na marehemu, babu. Nnabishana na wingu."

Ana adabu. Ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Jumanne, 9 Desemba. Siku ya 148

Mvua saa nane. Fupi, nzito. Ngurumo mbili. Jua tena. Ni tabia ya mwongo wa kumi na tano, sawasawa na maandishi. Baba hakosei.

Ijumaa, 12 Desemba. Siku ya 151

Mbingu ni safi! Hakuna wingu hata la kumfunika ndege. Mwongo wa kumi na sita umeingia kama mgeni aliyealikwa. Baada ya sala ya Ijumaa watu watatu wamenipa mkono kana kwamba jua nimelileta mimi. Sikuwakanya vya kutosha. Najihesabia kosa hilo.

Jumamosi, 13 Desemba. Siku ya 152

Tumefungua.

Dada Zuwena amekataa kuteremka. Ana miaka themanini, miguu yake imekataa kazi mwaka wa sita sasa. Fundi alikwishaandaa kiti cha kumbebea. Dada akakitazama kiti, akamtazama Fundi. "Ngazi hii ntateremka mara moja tu, nimebebwa na siyajui. Si leo. Endelea na kazi yako, Makame."

Basi kitanda tumekisukuma pembeni, chini ya kipande cha dari ambacho kitafunguliwa mwisho. Mafundi wakapiga. Vumbi la miaka mingi. Mara mwanga ukaingia chumbani, nguzo moja pana, hadi juu ya shuka.

Dada alifunua ushungi usoni. Alitazama juu muda mrefu. Kunguru alipita. Akacheka kama msichana. Akasema hajaiona mbingu kwa miaka sita, na imekuwa kubwa zaidi.

Sijui nilie au nicheke. Nimefanya yote mawili, nyuma ya mlango.

Jumatatu, 15 Desemba. Siku ya 154

Jua la tatu. Boriti mpya zimevutwa kwa kamba kutoka uchochoroni, za sehemu iliyofunguliwa ziko mahali pake. Mawe yanapangwa. Chokaa imefika. Kesho kutwa tunaanza kumimina. Kila kitu kinakwenda.

Salma amepiga simu. Mkanda wa mawingu unajikusanya kusini, na upepo wa kaskazi unaushukia kutoka upande wa pili. Vitakutana juu yetu Alhamisi. Hakuniambia nifanye nini. Nimemjibu kwa ufupi.

Nimepanda juu nikatazama kusini. Hakuna kitu. Nimeona raha kwamba hakuna kitu. Kisha nimeona haya kwa raha hiyo, maana mtoto huyu nimemlea mimi.

Jumanne, 16 Desemba. Siku ya 155

Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya sala ya adhuhuri nilifungua sanduku la baba. Nia yangu ilikuwa mbaya: kumwonyesha Salma daftari la kwanza kabisa, la mwaka ule alionifundisha hesabu, ili aone jedwali lilivyoandikwa na mtu aliyejua. Ukurasa wa mwanzo umeliwa pembeni na mchwa. Juu yake, kwa wino uliogeuka rangi ya kutu, baba ameandika: *Leo Siku ya Mwaka. Kwa hesabu ya serikali ni 30 Julai.*

Nikasoma. Nikasoma tena.

Mwaka huu Siku ya Mwaka ilikuwa 15 Julai.

Nikakaa sakafuni. Nikaanza kufungua madaftari yangu mwenyewe, moja moja, miaka sitini, nikitazama tarehe ya kwanza tu. 30. 29. Miaka minne, 29. Kisha 28. Miaka minne, 28. Kisha 27. Yote nimeyaandika kwa mkono huu! Kila mwaka wa nne serikali huongeza siku moja katika Februari. Sisi hatuiongezi. Siku zetu ni mia tatu sitini na tano, basi, kama tulivyorithi. Na kila miaka minne mwaka wetu hutangulia hatua moja mbele ya jua.

Siku kumi na tano. Mwongo mmoja na nusu.

Baba hakukosea. Mbingu haikukosea. Mwongo wa kumi na sita alioujua baba haujaingia. Utaingia tarehe 27. Nami nimefungua paa juu ya kichwa cha dada yangu mlangoni mwa ngurumo za mwongo wa kumi na tano.

Salma alifika kwa miguu kutoka kazini, kwani nilimwita kwa simu, kwa sauti ambayo hajaizoea. Alipiga hesabu kwenye simu yake, nami kwa vidole. Tulifika mahali pamoja. Alinitazama, machozi yamemlenga, anacheka. Amesema si yote yatokanayo na hesabu yangu, kwamba hali ya hewa nayo imebadilika kweli na wao wanaiona katika vipimo vyao. "Lakini siku kumi na tano, babu, ni zako."

Nimekuwa na hofu kuu. Pia, Mola wangu ndiye shahidi, nimekuwa na furaha ya mtu aliyeokota pete iliyopotea miaka sitini. Vyote viwili, katika kifua kimoja.

Nikashuka barazani. Sikukaa. Nimesema nikiwa nimesimama:

"Nilikosea. Vuli haijakata. Nilikuwa nikikuambieni kila mwaka kwamba mvua zinachelewa kwa dhambi zenu. Mvua hazikuwa zikichelewa hivyo. Hesabu yangu ndiyo iliyokuwa ikitangulia. Niwieni radhi."

Mzee Suleiman: "Ala! Miaka yote hii nnatubia mvua! Basi, Maalim, zile dhambi zetu turudishie."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, uso ukiniwaka moto. Fundi Makame hakucheka. Alikuwa tayari kwenye simu, anaita Paje, anamwambia mkewe aingize mwani ndani usiku huu huu. Nilisikia sauti ya mwanamke ikijibu kwa kirefu. Nilimwuliza amesema nini. Akanijibu ni maneno ya Kimakunduchi na hayafasiriki.

Fundi amesimamisha chokaa. Haimiminwi. Lazima tufunike, na tuna siku moja.

Jumatano, 17 Desemba. Siku ya 156 kwa hesabu yangu. Kwa hesabu ya baba, siku ya 141

Turubai la mtaa, lile la harusi na matanga, hukaa chini ya ngazi za Mzee Suleiman. Ndilo pekee linaloweza kufunika chumba kizima. Nimekwenda mwenyewe kuliomba. Alinifungulia kabla sijabisha. Amesema amelikunjua tangu alfajiri kutazama matundu, na kwamba nimekawia.

Watu kumi na mmoja wamelipandisha. Kina mama wameshona matundu mawili papo hapo juani. Fundi ameliinamisha upande mmoja, ili maji yamwagikie uchochoroni na si kichwani mwa ukuta. Kamba zimefungwa kwenye boriti mpya. Nimefunga mbili kwa mikono yangu. Fundi amezifungua nilipogeuka, akazifunga upya. Ni mtu mwema.

Dada amechukia turubai. Amesema tumemfunikia mbingu yake. Tumemwomba ateremke kwa siku hizi tatu. Amevuta ushungi usoni.

Kusini, baada ya sala ya alasiri: mstari mweusi. Mwembamba kama wanja.

Alhamisi, 18 Desemba. Siku ya 157. Kwa hesabu ya baba, 142

Utulivu asubuhi. Joto la kuogea jasho. Kunguru hawakulia. Bahari ya mbele ya Forodhani imekuwa rangi ya risasi.

Saa sita na robo upepo ulikufa. Saa sita na nusu ulifufuka, kutoka kusini, baridi, ukibeba vumbi, majani na kanga ya mtu. Salma alikuwa amekuja kwa ruhusa ya saa mbili. Alisimama dirishani na simu yake akasema: dakika kumi. Zilikuwa tisa. Nimehesabu.

Radi ya kwanza ilipasua upande wa bara. Ya pili ilikuwa juu yetu. Ukuta ulitikisika, nikasoma dua ya radi kwa sauti, na sauti yangu sikuisikia. Mvua haikuanza, ilianguka yote kwa pamoja.

Turubai lilishika. Dakika tano. Kumi. Kisha katikati, kati ya boriti mbili ambako mawe yalikuwa hayajapangwa, likaanza kutoa tumbo. Maji yalikuwa yanakusanyika badala ya kumwagika. Tumbo likashuka. Boriti ikalia. Fundi na wenzake walikuwa juu wakizishika kamba za pembeni, hawawezi kuziacha. Chumbani tulikuwa watu watatu: mimi, Salma, na Dada juu ya kitanda chake, anatazama tumbo lile linavyomjia.

Sikujua la kufanya. Naandika kama lilivyokuwa. Miaka sitini ya kupima mvua, na nilisimama kama nguzo.

"Mchi!" Dada alipiga kelele. "Mchi wa kinu, uko nyuma ya mlango! Sukuma kwa chini!"

Salma aliuchukua mchi. Mzito. Nami nikaushika chini yake. Tukasukuma tumbo la turubai juu, mara moja, mara mbili. Maji yakanguruma, yakavuka boriti, yakamwagika uchochoroni kwa kishindo. Tumbo likajaa tena. Tukasukuma tena.

"Sukuma, Haji! Au nguvu zako zote zilikuwa za kula halua?"

Hakuna aliyeniita Haji tu, bila Maalim, tangu mama alipofariki. Nilisukuma.

Dakika arubaini na tano. Radi ilikuwa ikipiga, chumba kinakuwa cheupe, naona uso wa Salma, umelowa, meno nje, anacheka. Wingu lake! Lilikuja siku aliyoitaja, kutoka upande alioutaja, kwa saa aliyoitaja. Nasema kweli mbele ya Mola wangu: niliogopa, na nilifurahi, na furaha ilizidi.

Likapita. Ghafla, kama lilivyokuja. Matone ya ukingoni tu.

Fundi alitoa kichwa kupitia pembe ya turubai, amelowa kama samaki. "Ukuta mzima, Maalim. Mkavu kichwani."

Nikamsujudia Mola pale pale, kwenye maji.

Kopo la maziwa limefurika. Sina kipimo cha leo. Nimeandika: *limefurika.*

Ijumaa, 19 Desemba. Siku ya 158. Kwa hesabu ya baba, 143

Mabega yananiuma kama ya mchukuzi. Mkanda wa pili umepita saa kumi, mdogo. Tumesukuma mara nne tu. Baada ya sala, barazani, Mzee Suleiman ameniuliza, kwa heshima ya kuigiza, kama mvua ya leo ni dhambi ya nani. Nimemjibu ni yake. Tumekunywa kahawa.

Kutoka Paje: mwani wote uliingia ndani Jumanne usiku. Mke wa Fundi amenitumia salamu. Safari hii za kufasirika.

Jumapili, 21 Desemba. Siku ya 160. Kwa hesabu ya baba, 145

Ngurumo za mbali tu, upande wa Pemba. Salma asema ndio mkanda wa mwisho. Nimemwamini mara moja, bila kutazama jedwali. Kisha nimelitazama pia. Wanakaribia kukubaliana.

Jumamosi, 27 Desemba. Siku ya 166. Kwa hesabu ya baba, 151

Mwongo wa kumi na sita. Wa kweli.

Upepo umegeuka usiku. Kaskazi, mkavu, mwepesi, unanukia chumvi. Fungua paa, anika. Naam, baba.

Chumba kizima sasa kimepata boriti mpya, kitanda cha Dada kimehamia upande wa pili tangu Jumatano. Zege limepandishwa kwa karai, chokaa na udongo mwekundu na kokoto. Saa mbili watu walikuwa juu, kina mama kwa mafundi, kila mmoja na kipande chake mkononi. Walianza kupiga. Kila mtu na mwendo wake. Kelele za karakana.

Ikatoka sauti chini, kupitia dirisha la ngazi. Nyembamba, ina kutu. Dada Zuwena. Wimbo wa kupigia sakafu, ule waliouimba wakati baba alipoipiga hii, naye akiwa msichana. Hakuna mwingine aliyeujua. Aliimba mstari, wakaurudia. Aliimba wa pili. Vipande vikaingia pamoja, mapigo mamoja, na nyumba nzima ikawa ngoma.

Nimepiga nami kwa muda wa saa moja. Salma kando yangu. Watu wa uchochoroni walisimama kutazama. Sijapata furaha kama hii tangu mwaka nilioozwa.

Jumatatu, 29 Desemba. Siku ya 168. Kwa hesabu ya baba, 153

Siku ya tatu ya kupiga. Zege limeanza kujibu kwa sauti ya jiwe.

Alasiri Dada alimwita Fundi. Alimwuliza kile kiti chake cha kubebea bado kipo?

Tukadhani amekubali kuteremka. Akasema yeye alichokataa ni kuteremka. Habari ya kupanda hakuna aliyemwuliza.

Wanaume wanne wamembeba, ngazi ile nyembamba, hatua moja moja, yeye akiwakemea wasimwangushe. Wamemweka katikati ya sakafu, juu ya mkeka, uso umeelekea baharini. Alitazama mapaa yote, minara, mitaro, nguo zilizoanikwa. Akaomba kipande. Akainama mbele, akapiga mara tatu, mbele ya goti lake. Taratibu. Alama zimebaki.

Fundi alitaka kuzisawazisha. Nimemkataza.

Jumapili, 4 Januari. Siku ya 174. Kwa hesabu ya baba, 159

Alfajiri, baada ya sala, mvua ndogo. Wingu moja, limetoka baharini, halikuwa na haraka. Salma alikuwa amesema: uwezekano mdogo. Ndio huo.

Sikupanda juu. Nilikaa chumbani kwa Dada, kwenye kiti, na mabeseni matatu yakiwa mahali pake pa zamani, maana niliyaweka mwenyewe. Tulisikiliza. Juu, manyunyu. Chini, kimya.

Mvua ilipita. Nimeinama, nimetia kiganja katika kila beseni. Vumbi kavu.

Dada amesema hakupata usingizi vizuri, amezoea tone. Nimemwambia atazoea. Mabeseni nimeyarudisha jikoni.

Kisha nimekaa na karatasi safi. Salma atakuja alasiri na vipimo vya ofisi yao vya miaka mingi, tuandike jedwali jipya pamoja, hesabu yake upande mmoja, miongo upande wa pili. Sehemu ya juu nimekwisha kuiandika, kwa wino mzito: *Leo tarehe 4 Januari, siku ya 159. Kila mwaka wa nne, ongeza siku moja.* Pembeni nimeacha nafasi nyeupe, pana, kwa kosa langu jingine ambalo sijaliona.

Nimesema daftari hili halina msomaji ila nafsi yangu. Huenda si kweli. Basi wewe utakayelifungua baada yangu, Mola akujaalie paa zima juu ya kichwa chako, na mvua kwa kiasi, na mtu wa kukuita kwa jina lako la utotoni. Amani iwe juu ya nyumba hii, na yako, na waliomo. Amin.